Sifuri Tatu za Shangazi Tupokigwe

Tabora,
18 Septemba 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, maana najua ni nadra. Mimi nipo, nimekauka kidogo. Jua la huku halina utani, na mvua yetu ya Nkunga ambayo nilikuwa nailaani kila siku sasa naiota hata mchana, kwenye kipindi cha kemia. Chakula kizuri: Jumatatu ugali na maharage, Jumanne maharage na ugali. Nimepata rafiki anaitwa Happy, wa Singida, tunakaa dawati moja. Tunaosoma fizikia, kemia na hisabati tuko wasichana tisa tu kidato kizima cha tano, kwa hiyo mtu huwezi kujificha.

Hapo ndipo penye shida yangu, na nakuandikia kwa hasira kidogo. Usikasirike na wewe, au kasirika tu, uko mbali.

Tulipewa jaribio la kuchora grafu ya y = x³ − x. Nikafurahi. Nikafanya kama ulivyonifundisha pale kwenye meza ya jikoni: nikachora jedwali, nikaweka x kuanzia −3 mpaka 3, nikatafuta y. Nikapata −24, −6, 0, 0, 0, 6, 24. Nikaweka nukta zangu safi kabisa. Kisha rula. Pale katikati, kwenye −1, 0 na 1, y zote ni sifuri, kwa hiyo nikalaza rula juu ya mhimili nikapiga mstari wa bapa, umenyooka kama meza.

Nimepata mbili kwa kumi. Mwalimu Felista aliinua karatasi yangu darasa zima likaiona. Ameandika kwa wino mwekundu: "Kati ya nukta na nukta kuna nini?"

Shangazi, kuna nini? Wewe ndiye uliyenipa hiyo rula.

Wako,
Lusungu


Nkunga,
16 Oktoba 1994

Mwanangu Lusungu,

Marahaba. Nimekaa, kama ulivyotaka, lakini ni kwa sababu nje mvua inapiga tangu asubuhi na darasa langu la saba wamekuja kumi na mmoja tu. Sisi huku wazima. Ndizi zimekubali. Ng'ombe amezaa dume, nimemwita Tabora kwa sababu anakunywa maji kupita kiasi. Baba yako mdogo Ackson anakusalimu. Amenunua redio ya mtumba na sasa kila habari ya dunia anaijua kabla haijatokea.

Haya, tuje kwenye mbili yako kwa kumi. Nimeisoma barua yako nikachukia, nikaisoma tena nikacheka, halafu nikachukia tena. Mimi nimefundisha miaka ishirini na minne kwa rula ile ile. Chuoni walituambia: jedwali, nukta, unganisha. Hakuna aliyetuambia kwamba mstari unaweza kufanya uhuni pale usipouangalia! Nilikaa na hiyo y yako jioni nzima, nikapata sifuri tatu zilezile. Nikasema huyo Mwalimu Felista anaonea watoto.

Kesho yake akapita Bwana Francis, yule bwana shamba mpya wa kata, mtu wa Kasulu. Alikuja kuangalia mibuni yangu yenye chule buni, ule ugonjwa unaoozesha kahawa mtini, mvua ikamkamatia barazani. Akaona karatasi. Hakuulizwa. Akachukua penseli yangu, akasema, "Mwalimu, jaribu nusu." Nikamwambia ashughulike na mibuni. Akaandika mwenyewe nyuma ya pakiti ya mbegu za kabichi: nusu mara nusu mara nusu ni moja ya nane, toa nusu, unabaki na hasi tatu ya nane. Sio sifuri! Ukiweka hasi nusu, inakuwa chanya tatu ya nane. Yaani upande mmoja mstari umepanda, upande mwingine umezama, na mimi na wewe tumepitisha rula katikati kama vipofu.

Nikamnyang'anya penseli, nikarudia mwenyewe, nikapata hivyo hivyo. Sasa niambie: huyo Mwalimu Felista anajuaje pa kuchungulia? Kati ya nukta mbili kuna nafasi nyingi, hatuwezi kujaribu nusu na robo mpaka tuzeeke. Nitumie huo ujanja. Nisamehe zile nane ulizokosa, ni zangu.

Shangazi yako,
Tupokigwe


Tabora,
20 Novemba 1994

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na msalimie ndama Tabora. Huku mvua ya kwanza imenyesha dakika kumi, wenzangu wakatoka nje kushangilia. Nikawaambia kwetu hiyo tunaita umande.

Ujanja huu hapa. Unaitwa derivativu. Andika chini, maana nitakupa zoezi.

Kila mstari una mteremko wake pale unapopita. Grafu yenyewe inasema uko wapi. Derivativu haisemi uko wapi, inasema unaelekea wapi: unapanda, unashuka au umesimama. Kuipata ni rahisi hata utacheka. Kwenye x³ ile tatu ya juu inashuka mbele, na juu inapungua moja: inakuwa 3x². Ile x peke yake inakuwa 1. Namba iliyosimama bila x inakufa, inakuwa sifuri, kwa sababu haipandi wala haishuki. Kwa hiyo x³ − x inatupa 3x² − 1.

Sasa uliza: ni wapi hiyo inakuwa sifuri? Ni pale mstari uliposimama. 3x² sawa na 1, x² ni theluthi moja, x ni 0.58 upande wa chanya na 0.58 upande wa hasi. Ni hapo pawili tu pa kuchungulia! Kisha jaribu pande zake. Weka −1: unapata 2, ni chanya, unapanda. Weka 0: unapata −1, unashuka. Weka 1: unapata 2, unapanda tena. Umepanda halafu umeshuka, basi hapo kati pana kilele. Umeshuka halafu umepanda, hapo pana bonde. Kilele kina kimo cha 0.38 na bonde lina kina hichohicho. Unachora kwa mkono bila rula, na jedwali refu halina kazi.

Zoezi: (a) y = x³ − 3x² + 4. (b) y = x³. Nataka vilele na mabonde yote. Nitasahihisha kwa wino mwekundu, sina huruma.

Krismasi siji, safari ni siku nne na likizo yenyewe fupi. Nitabaki na Happy.

Na huyu Bwana Francis anayechukua penseli za watu bila kuulizwa ni nani hasa? Umemtaja mistari mingi kuliko baba mdogo.

Wako,
Lusungu


Nkunga,
22 Januari 1995

Mwanangu,

Marahaba na heri ya mwaka mpya uliochelewa. Krismasi tulikula mbalaga, ndizi zetu za kupika na nyama, kanisani, kwaya ikaimba mpaka umeme wa jenereta ukachoka. Nilikukosa sana. Nilitenga sahani yako kwa mazoea, akaila Ackson.

Zoezi limefanyika. (a) Nimepata 3x² − 6x. Sifuri kwenye 0 na kwenye 2. Kabla ya 0 unapanda, kati yake unashuka, baada ya 2 unapanda. Kwa hiyo kilele kiko kwenye 0, kimo 4. Bonde liko kwenye 2, na chini yake linagusa mhimili kabisa bila kuuvuka. Weka vema yako hapo.

(b) ilinitesa. Derivativu ni 3x², sifuri kwenye 0. Nikasema vizuri, hapo pana kilele au bonde. Nikajaribu kushoto: chanya. Kulia: chanya. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Halafu nikaelewa. Hapo hakuna kilele wala bonde. Mstari umesimama tu kuvuta pumzi na kuendelea kupanda, kama mimi na mkungu wa ndizi kwenye kona ya kanisani. Kwa hiyo kusimama peke yake hakumwambii mtu lolote, mpaka uangalie kabla yake na baada yake. Nimeipenda hii kuliko zote, sijui kwa nini nilifichwa miaka hamsini isipokuwa mitatu.

Sasa umeuliza swali na mimi sijazoea kukwepa maswali yako.

Bwana Francis ni mjane kama mimi. Ana miaka hamsini na moja, hanywi, anaongea taratibu mpaka unataka kumsaidia kumalizia. Mazoezi yako tumeyafanya pamoja, alikuwa anakuja Jumamosi. Mwezi huu, tarehe nane, aliniambia anataka kunioa. Alisema hivyo hivyo, mkononi ana jani la mbuni lenye madoa.

Sijamjibu. Tangu mume wangu Anyelwisye afariki miaka tisa imepita, na tangu baba yako afariki nyumba hii ni mimi na wewe. Nimemwambia Bwana Francis kwamba kuna mtu mmoja lazima nimuulize, na mtu huyo ni wewe. Kazi yake ni ya kuhamahama na mke hufuata, hilo lifikirie pia. Ukisema hapana itakuwa hapana, sitakununia. Ukisema ndiyo itakuwa ndiyo. Lakini sema.

Nakupenda. Nimeona niandike wazi, isije ikapotea katikati ya hesabu.

Shangazi yako,
Tupokigwe


Nkunga,
9 Aprili 1995

Mwanangu Lusungu,

Natumaini masomo yanaendelea. Sisi huku hatujambo. Mvua nyingi, daraja la chini limechukuliwa, watoto wanazungukia juu. Wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupita kuulizia mavuno, kila mmoja ana gari lake na maneno yake matamu.

Sijaona barua yako tangu Novemba. Kama yangu ya Januari haikufika, niambie.

Shangazi yako


Nkunga,
4 Juni 1995

Lusungu,

Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza. Nimekutumia sweta la kijani kwa mtoto wa mchungaji anayekuja Tabora, uangalie mikono kama inafika. Soma kwa bidii.

Shangazi yako


Nkunga,
23 Julai 1995

Lusungu,

Hongera kuingia kidato cha sita, nimesikia kwa mtoto wa mchungaji kwamba umepita. Sisi huku hatujambo, hakuna jipya.

Shangazi


Tabora,
13 Agosti 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sweta linafika mikono, na nimelivaa ninapoandika ingawa jua linawaka, kwa sababu naona haya na linanifunika.

Barua yako ya Januari ilifika tarehe 11 Februari. Iko chini ya godoro langu. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Nilijiambia ni mitihani. Halafu nikajiambia sina stempu. Happy akanipa stempu, nikaitumia kumwandikia mtu mwingine. Ukweli niuseme: niliposoma kwamba mke hufuata, niliona mlango wa nyumba yetu umefungwa kwa kufuli, na mimi nimesimama nje na sanduku langu la bati. Baba hayupo, mama simkumbuki. Nikafikiri, likizo nitarudi wapi? Nikaogopa kuandika hapana kwa sababu ni ubinafsi, nikashindwa kuandika ndiyo kwa sababu ingekuwa uongo. Basi nikakaa kimya, nikaona kimya si jibu.

Juzi Mwalimu Felista alinituma niwaeleze kidato cha tano wapya y = x³ − x. Msichana mmoja wa Kigoma akaja ubaoni, akaweka sifuri zake tatu, akachukua rula akailaza bapa. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi bwenini nikatoa barua zako tatu, ya Aprili, ya Juni na ya Julai, nikazipanga kitandani. Hatujambo. Hatujambo. Hatujambo. Nukta tatu, zote sifuri, na miezi yote hii nimekuwa nikipitisha rula juu yake na kusema shangazi yuko vilevile, hakuna kilichobadilika.

Na wewe hujamtaja tena. Mtu aliyekuwa anajaza nusu ya barua amekwisha kabisa, hata mibuni haiugui tena.

Kwa hiyo sikuulizi hujambo. Nimechoka na hujambo. Nakuuliza unaelekea wapi. Unapanda, unashuka, au umesimama? Na kama umesimama, kabla yake ilikuwaje? Niambie kilichotokea kati ya barua na barua, hata kama kinanihusu vibaya. Hasa kama kinanihusu vibaya.

Nisamehe.

Wako,
Lusungu


Nkunga,
3 Septemba 1995

Lusungu mwanangu,

Marahaba. Nimepokea yako Ijumaa. Nilitaka kukujibu kwa matusi ya Kinyakyusa ambayo hujawahi kunisikia nikiyatumia, ndiyo maana nikangoja mpaka leo Jumapili nitoke ibadani kwanza.

Mimi si polinomia, si hizo x na y zako! Hilo uliweke akilini. Huwezi kunipiga derivativu ukiwa Tabora.

Lakini umeuliza, nami nitakujibu, maana nimechoka na mimi.

Kati ya Januari na Aprili nilikuwa na furaha ambayo hata naona aibu kuiandika. Bwana Francis alikuwa anakuja Jumamosi, tunafanya hesabu, anachoma mahindi. Aliniletea miche sita ya parachichi akaipanda mwenyewe nyuma ya jiko. Nilikuwa naimba nikisahihisha madaftari. Watoto wa darasa la saba waliniuliza kama nimepandishwa cheo. Nilipokuandikia Aprili "hatujambo", nilikuwa bado juu lakini nimeanza kuogopa, kwa sababu kila Jumatano nilikwenda posta Tukuyu na sanduku lilikuwa tupu.

Mwezi wa tano akaja kuuliza jibu. Nikamwambia binti yangu hajaandika. Akafurahi! Akasema, "Basi amekubali. Kwetu binti akiulizwa akanyamaza, amekubali." Nikamtazama. Nikamwambia, kwetu sisi, ukoo wa baba yako, mtu akinyamaza amekataa, ila ana adabu. Marehemu baba yako alikuwa hivyo, na babu yako. Hawakuwahi kusema hapana kwa mdomo maisha yao yote. Ungemuomba baba yako ng'ombe, angekupa kiti na chai, mpaka ukaondoka mwenyewe. Mimi nimekulea, nikajua umenijibu. Tulibishana juu ya ukimya wako kama watu wanaobishana juu ya mpaka wa shamba. Mwisho nikamwambia hapana. Alisimama, akachukua kofia yake, akasema asante mwalimu.

Sasa unaniambia ukimya wako haukuwa ndiyo wala hapana. Ulikuwa woga tu! Mimi na yeye wote wawili tumesoma kitu ambacho hakikuandikwa. Nimelia kwa hilo, halafu nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Kati ya Juni na Julai usiniulize. Nilipika chakula cha mtu mmoja nikashindwa kukimaliza. Ndivyo ilivyokuwa.

Ameomba uhamisho, amepewa Mbozi, ataondoka mwisho wa Oktoba baada ya uchaguzi. Hapiti tena hapa. Miche ya parachichi nimeimwagilia mwenyewe, ingawa mvua ipo na haihitaji.

Hilo la kufuli limeniuma kuliko yote. Ungeniuliza tu. Nyumba hii baba yako aliijenga, jina lake liko kwenye lile bamba la mlango. Ulidhani mimi ni mwanamke wa kukuacha nje na sanduku?

Uliuliza naelekea wapi. Nimesimama.

Shangazi yako,
Tupokigwe


Tabora,
24 Septemba 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za chakula wala za joto.

Ndiyo. Naiandika hapa juu isije ikapotea: ndiyo. Naitaka ndoa hiyo. Siandiki kwa sababu nimekuonea huruma, wala kwa sababu umenikaripia. Nataka mtu wa kukuchomea mahindi. Mimi nikimaliza hapa nitakwenda chuo nikijaliwa, halafu nitapangiwa kazi sijui wapi, na nimekaa miezi saba nikikulinda usiondoke kwenye nyumba ambayo mimi mwenyewe nataka kuiacha. Nilipoliona hilo nilijichukia siku mbili nzima, Happy akanilazimisha kula.

Umesema umesimama. Wewe ndiye uliyenifundisha kwenye zoezi (b) kwamba kusimama peke yake hakumwambii mtu lolote. Kushoto kwako ni kushuka, hilo umeniambia mwenyewe. Kulia kwako hakuna aliyepima bado, kwa sababu kulia kwako ni mwezi wa kumi na haujafika. Usinichoree bonde wala shimo kabla ya kupima.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, sijaifunga. Ni barua kwa Bwana Francis. Nimemwandikia kwamba mimi, Lusungu Andongwisye, niliulizwa mwezi wa kwanza nikashindwa kujibu kwa woga wangu, na kwamba kwangu kimya hakikuwa cha kwao wala cha kwetu, kilikuwa cha mtoto. Nimemwambia nimekubali kwa maandishi ili asiwepo mtu wa kubishana tena. Nimemwambia pia kwamba anajua kuchungulia kati ya nukta, na kwamba mtu wa namna hiyo nilimhitaji mapema.

Isome. Ukiona inafaa mpelekee. Ukiona haifai ichome, ni yako. Lakini ukiichoma, niambie umeichoma, usiniandikie hatujambo.

Wako kabisa,
Lusungu


Nkunga,
12 Novemba 1995

Mwanangu Lusungu,

Marahaba, marahaba. Uchaguzi wa vyama vingi umepita, Ackson sauti imemkauka kwa ubishi na redio yake imemaliza betri. Ndama Tabora sasa ni fahali, anavunja ua wa watu.

Sikuichoma.

Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikavaa gauni la ibada, nikashuka kwa miguu mpaka ofisi ya kata. Nilimkuta anafunga vitabu vyake kwenye boksi la sabuni. Nilisimama mlangoni nikampa karatasi yako, kwa sababu maneno yangu mwenyewe nilikuwa nimeyatumia vibaya mwezi wa tano na sikuyaamini. Alisoma taratibu, unavyomjua sasa, mpaka nikataka kumsaidia kumalizia. Alipofika mwisho akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Akasema, "Na wewe mwalimu, wewe unasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu jambo hili lianze. Hata mimi sikujiuliza. Nilikuwa nakuuliza wewe, nabishana na yeye, nasoma kimya cha watu. Nikamwambia ndiyo. Nilisema kwa sauti, karani wa chumba cha pili akachungulia.

Mbozi amekwenda, barua ya uhamisho ilikwisha kutoka. Ni mwendo wa siku moja. Mimi nitabaki hapa Nkunga na darasa langu mpaka utakapomaliza mtihani wako wa Mei, hilo tumekubaliana, yeye ndiye aliyelitaja wa kwanza. Baada ya hapo tutaona. Ufunguo mmoja wa nyumba nimekuchongeshea, huo hapo kwenye bahasha, nimeushona kwenye kitambaa usipotee.

Ndaga fijo, mwanangu, kwa ile karatasi. Asante sana, narudia na kwa Kiswahili.

Sasa kuna jambo la mwisho na ni zito. Mshenga wake atakuja na wazee wawili tarehe 30 Desemba. Unajua taratibu: watauliza ni nani mwenye kumtoa mwanamke huyu. Kiti hicho ni cha kaka yangu, baba yako, Andongwisye. Ackson alijiandaa kukikalia, hata koti ameazima. Nikamwambia hapana. Nikamwambia Andongwisye hakufa bila mtu, ameacha mtoto, na mtoto huyo yuko Tabora. Akasema msichana hajawahi kukaa pale tangu ukoo uanze. Nikamwambia basi waondoke na posa yao, nami nitabaki na ndizi zangu. Alitoka akatembea mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akarudi, akasema sawa, lakini atakaa pembeni yako kwa ajili ya Kinyakyusa, maana chako kimeharibika.

Kwa hiyo safari hii likizo utakuja, hata kama ni siku nne za kuja na nne za kurudi. Nimemwandikia mkuu wako wa shule, nimemwambia ni msiba wa furaha, sijui atalielewaje.

Utakaa kwenye kiti cha baba yako. Wazee watakuuliza mara moja tu kama unanitoa kwa moyo mweupe. Usinyamaze, na usijibu haraka. Nitakuwa nimekaa mkekani mbele yako. Nitazame kwanza usoni, Lusungu, unitazame vizuri, kisha useme unachokiona.

Shangazi yako,
Tupokigwe